Rakhaldas Banerji: aliyeufukua mji wa mihuri, ripoti yake ikachapishwa miaka 54 baada ya kifo chake

Januari mwaka 2025, mjini Chennai kusini mwa India, wataalamu walikutana kuadhimisha miaka 100 tangu ulimwengu ulipoarifiwa kwa mara ya kwanza kuhusu ustaarabu wa kale wa bonde la mto Indus. Waziri kiongozi wa jimbo la Tamil Nadu, M. K. Stalin, alitangaza zawadi ya dola milioni moja za Marekani kwa atakayefaulu kuyasoma maandishi ya ustaarabu huo. Aliweka pia jiwe la msingi la sanamu ya John Marshall, Mwingereza aliyeitoa habari hiyo mwaka 1924.

Marshall alistahili heshima. Hata hivyo, si yeye aliyekwenda kupiga sururu ya kwanza katika kilima cha Mohenjo-daro. Aliyefanya hivyo ni Mbengali aliyeitwa Rakhaldas Banerji, aliyefariki dunia mwaka 1930 akiwa na umri wa miaka 45, kabla ya kuiona ripoti ya kazi yake kubwa kuliko zote ikichapishwa. Maisha yake leo yamegawanyika katika nchi tatu jirani. Alizaliwa katika ardhi ambayo sasa ni India, akapata sifa katika ardhi ambayo sasa ni Pakistan, na moja ya kazi zake za mwisho za uchimbaji aliifanya katika ardhi ambayo sasa ni Bangladesh.

Kijana wa Murshidabad

Banerji alizaliwa tarehe 12 Aprili 1885 katika mji wa Baharampur, wilaya ya Murshidabad, huko Bengal. Murshidabad ilikuwa makao ya watawala wa Bengal kabla ya Waingereza kushika hatamu, na majumba na misikiti ya enzi hiyo ilikuwa bado imesimama mbele ya macho ya watoto wa wilaya hiyo. Alipofika Calcutta kwa masomo ya juu katika Chuo cha Presidency, alichagua historia, na mwaka 1907 akapata shahada yake.

Katika jumba la makumbusho la Calcutta alijifunza kazi ambayo baadaye ilimsaidia kuliko shahada. Alijifunza kusoma maandishi yaliyochongwa kwenye mawe na kuzitambua sarafu za kale. Kazi hiyo haitaki haraka. Mtu hulitazama jiwe lililolika, akaifuata mikwaruzo mmoja baada ya mwingine, akailinganisha na mikwaruzo ya jiwe jingine, mpaka herufi ijitokeze. Mwaka 1910 aliajiriwa katika jumba hilo, na muda mfupi baadaye akaingia katika Idara ya Mambo ya Kale ya India, iliyokuwa chini ya Marshall.

Aliandika kwa Kiingereza na kwa Kibengali. Utafiti wake juu ya asili ya hati ya Kibengali ulimpatia tuzo ya Chuo Kikuu cha Calcutta na ukachapishwa mwaka 1919. Aliandika pia kitabu cha Kibengali kuhusu sarafu za kale, na riwaya kadhaa za kihistoria. Katika mojawapo, Pashaner Katha, msimulizi ni jiwe lenyewe, ambalo linaeleza yaliyopita mbele yake karne baada ya karne. Msomaji wa riwaya hiyo hashangai kwamba mwandishi wake ndiye aliyekuja kuyafikiria kwa makini mawe madogo ya Mohenjo-daro.

Jiwe lisilo na nasaba

Ili kuielewa kazi ya Banerji, ni lazima kurudi nyuma kidogo, hadi Harappa, katika Punjab ya Pakistan ya leo. Katikati ya karne ya 19, wajenzi wa reli kati ya Lahore na Multan walihitaji kokoto za kutandika chini ya mataruma. Waliyakuta magofu ya Harappa yamejaa matofali ya kuchoma, wakayabeba kwa wingi, na takriban kilomita 160 za reli zikatandikwa juu ya mabaki ya mji wa kale.

Alexander Cunningham, mkuu wa kwanza wa Idara ya Mambo ya Kale ya India, alifika Harappa mara kadhaa. Katika ripoti aliyoichapisha mwaka 1875 alionyesha muhuri mdogo wa jiwe uliopatikana hapo. Ulikuwa na sura ya fahali asiye na nundu, na juu yake alama ambazo hakuna aliyezijua. Kwa kuwa ng'ombe wa India wana nundu, na kwa kuwa alama hizo hazikufanana na hati yoyote ya India, Cunningham aliamua kwamba muhuri huo ulitoka nchi za nje. Ukawekwa kando. Kwa karibu miaka 50, mihuri michache iliyofanana nao ilikuwa kama barua isiyo na anwani, kwani haikujulikana imetoka kwa nani wala inakwenda kwa nani.

Kilima cha wafu

Mwaka 1917 Banerji alipewa usimamizi wa kanda ya magharibi, na ofisi yake ikawa Poona. Eneo lake lilijumuisha Sindh, nchi kavu ambayo mto Indus umekuwa ukiihama na kuirudia tangu zama za kale. Katika wilaya ya Larkana kulikuwa na vilima vya magofu ambavyo wenyeji waliviita Mohenjo-daro, jina linaloelezwa kuwa na maana ya kilima cha wafu. Juu ya kilima kirefu zaidi kulikuwa na mabaki ya stupa, yaani jengo la ibada la Wabudha.

Mtaalamu mwingine wa idara hiyo, D. R. Bhandarkar, alikuwa amekwisha kupita hapo miaka michache kabla. Alipoyaona matofali mekundu yaliyonyooka, aliona ni ya juzi tu, na akakadiria kwamba mji huo haukuzidi umri wa miaka 200. Kosa lake linaeleweka. Matofali ya Mohenjo-daro yalichomwa vizuri sana na yalikuwa ya vipimo vinavyolingana, hata yakaonekana mapya.

Banerji alifika hapo kwa mara ya kwanza kabla ya mwaka 1920. Miongoni mwa vitu vilivyomvuta ni kipande cha jiwe la gumegume kilichochongwa kiwe cha kukwangulia. Watu wenye visu vya chuma hawana haja ya chombo kama hicho. Kijiwe hicho kilimtia shaka kwamba chini ya hekalu la Wabudha kulikuwa na watu wa kale zaidi.

Katika majira ya baridi ya mwaka 1922 alianza kuchimba. Tabaka za juu zilitoa alichokitarajia, yaani kuta za nyumba ya watawa na sarafu za wafalme wa Kushan wa karne za mwanzo baada ya Kristo. Alipoendelea kushuka, sarafu zilikoma. Mahali pake pakaanza kutokea mihuri ya mawe yenye sura za wanyama na alama zisizosomeka. Banerji, aliyezoea kulinganisha jiwe na jiwe, aliukumbuka muhuri wa Cunningham. Akatambua kwamba vitu vya Mohenjo-daro na vya Harappa, miji iliyotengana kwa takriban kilomita 600, ni vya watu wa aina moja, na kwamba watu hao waliishi muda mrefu kabla ya Wabudha. Hilo ndilo jambo lililompa nafasi katika historia.

Mihuri yenyewe

Muhuri wa kawaida wa Indus ni wa mraba, na upande wake mmoja una urefu wa sentimita mbili hadi nne. Unaweza kufunikwa na kidole gumba. Umechongwa kwa jiwe la sabuni, ambalo ni laini kiasi cha kukatwa kwa kisu. Fundi alilipasua jiwe kwa msumeno, akaacha kifundo mgongoni mwake, akakitoboa kifundo hicho ili kipite uzi, kisha akausawazisha uso wake. Baada ya hapo alichonga mnyama kwa kuingia ndani ya jiwe, ili muhuri ukigandamizwa kwenye udongo mbichi, mnyama ajitokeze nje. Mwishowe muhuri ulipakwa dawa na kuchomwa tanuruni, ukawa mgumu na mweupe.

Wanyama wake ndio waliowashangaza wataalamu. Anayeonekana mara nyingi kuliko wote ni mnyama mwenye umbo la fahali na pembe moja tu, amesimama mbele ya chombo kinachofanana na kinara. Wengine ni wanyama wa kweli kabisa, na fundi alikuwa amewaona kwa macho yake. Tembo ana mkonga ulioshuka hadi chini. Chui milia ana mistari yake. Kifaru ana pembe moja, kama walivyo vifaru wa India, tofauti na wa Afrika Mashariki wenye pembe mbili, na mikunjo ya ngozi yake imechongwa kwa uangalifu. Wamo pia nyati na mamba.

Yumo vilevile fahali mwenye nundu, shingo nene na ngozi inayoning'inia kidevuni hadi kifuani. Msomaji aliyekulia Afrika Mashariki atamtambua mara moja. Ng'ombe wa nundu walifugwa kwa mara ya kwanza katika Asia ya kusini, upande huo wa bonde la Indus, na damu yao imo katika makundi ya ng'ombe wa nundu yanayolishwa leo kutoka Karamoja hadi Dodoma.

Juu ya mnyama huwa kuna mstari mfupi wa alama, kwa wastani tano hivi. Wataalamu wamehesabu takriban alama 400 tofauti katika maandishi zaidi ya 3,000 yaliyokwisha kupatikana. Inakubalika kwa upana kwamba kwenye chapa ya muhuri yalisomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Zaidi ya hapo hakuna makubaliano. Maandishi ni mafupi mno, na hakuna jiwe hata moja lililopatikana lenye ujumbe uleule katika lugha nyingine inayojulikana.

Matumizi ya mihuri yako wazi zaidi. Huko Lothal, katika Gujarat ya India, ghala lililoungua liliacha vibonge vya udongo vilivyogongwa mihuri upande mmoja, na upande wa pili vikabaki na alama za nguo, kamba na matete. Vilikuwa vimebandikwa juu ya marobota ya bidhaa, kama lakiri inavyobandikwa kwenye bahasha. Asiye na muhuri hakuweza kulifungua robota na kulifunga tena bila kujulikana. Inawezekana mnyama alitambulisha ukoo, kundi la wafanyabiashara au ofisi fulani, na alama za juu zikataja jina au cheo, ingawa wataalamu hawajaafikiana.

Bidhaa hizo zilivuka bahari. Mihuri ya Indus au iliyoiga mtindo wake imepatikana Ur na Kish nchini Iraq. Katika Ras al-Jinz, kwenye ncha ya mashariki ya Oman, ulipatikana muhuri wa shaba wenye alama za Indus. Bahrain na kisiwa cha Failaka nchini Kuwait walikuwa na mihuri yao ya duara, nayo ikipambwa kwa wanyama, hasa swala na mafahali. Maandishi ya Mesopotamia ya karne ya 24 na ya 23 kabla ya Kristo yanazitaja merikebu za Meluhha, Magan na Dilmun zikitia nanga huko. Wataalamu wengi wanaihusisha Meluhha na bonde la Indus, Magan na Oman, na Dilmun na Bahrain.

Kutoka Simla hadi London

Wakati Banerji akichimba Sindh, mwenzake Daya Ram Sahni alikuwa ameanza kuchimba Harappa mwaka 1921, naye akapata mihuri ya namna ileile. Marshall aliagiza vitu vya miji yote miwili vikusanywe na kulinganishwa. Mwaka 1924, huko Simla, mji wa milimani ambako serikali ya Waingereza ilihamia wakati wa joto, mihuri ya Harappa na ya Mohenjo-daro iliwekwa pamoja. Hapakuwa tena na shaka kwamba ulikuwa ustaarabu mmoja.

Tarehe 20 Septemba 1924 Marshall alitangaza habari hiyo katika jarida la picha la London, Illustrated London News. Aliwataja Sahni na Banerji. Umri wa miji hiyo hakuujua kwa hakika. Jibu lilitoka kwa wasomaji wa jarida hilo. Ndani ya wiki chache, wataalamu wa Mesopotamia waliozitazama picha za mihuri walieleza kwamba vitu vinavyofanana navyo vimekwisha kupatikana Iraq na Iran, katika tabaka zenye umri wa zaidi ya miaka 4,000. Leo miji hiyo inakadiriwa kustawi kati ya mwaka 2600 na 1900 kabla ya Kristo. Kwa mihuri michache, historia ya miji katika bara la India ilirudi nyuma kwa takriban miaka 2,000.

Miaka ya misukosuko

Kwa Banerji, ushindi huo haukuleta raha. Alikuwa ameondoka Mohenjo-daro baada ya msimu mmoja, na kazi ikaendelezwa na wengine. Akahamishiwa kanda ya mashariki, Calcutta. Huko alichimba Paharpur, kaskazini mwa Bangladesh ya leo, penye magofu ya nyumba kubwa ya watawa wa Kibudha ya karne ya 8, ambayo baadaye iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Uhusiano wake na wakubwa wa idara ulikuwa umeharibika. Alikuwa mtu wa matumizi makubwa, na alishutumiwa kwa namna alivyosimamia fedha za kazi. Juu ya hayo zikaja tuhuma zilizohusu kutoweka kwa sanamu ya jiwe kutoka hekalu moja la kale katika India ya kati. Mwaka 1926 utumishi wake katika idara ulikoma. Ripoti aliyoiandika juu ya uchimbaji wa Mohenjo-daro ilibaki mikononi mwa idara bila kuchapishwa.

Kwa mchimbaji wa mambo ya kale, ripoti ni sehemu ya uchimbaji wenyewe. Udongo ukishaondolewa haurudi mahali pake. Kinachobaki ni maelezo ya aliyeona kila kitu kilikuwa wapi, chini ya nini na juu ya nini. Maelezo hayo yakifungiwa kabatini, wanaokuja nyuma hulazimika kutegemea muhtasari wa mtu mwingine.

Mwaka 1928 Banerji alipata nafasi ya uprofesa katika Chuo Kikuu cha Kihindu cha Banaras. Aliandika kwa bidii juu ya historia ya Orissa, juu ya enzi ya wafalme wa Gupta, na juu ya sanaa ya uchongaji ya India ya mashariki, na baadhi ya vitabu hivyo vilitoka baada ya kifo chake. Alifariki Calcutta tarehe 23 Mei 1930.

Mwaka uliofuata, 1931, Marshall alichapisha mabuku matatu makubwa kuhusu Mohenjo-daro na ustaarabu wa Indus, ambayo kwa miaka mingi yalikuwa ndiyo marejeo makuu ya somo hilo. Haki inataka isemwe kwamba humo alikiri kuwa Banerji ndiye aliyeutambua ukale mkubwa wa Mohenjo-daro. Lakini jina lililokuwa kwenye jalada ni la Marshall, na vizazi vya wanafunzi duniani vilijifunza kwamba mvumbuzi ni yeye. Ripoti ya Banerji ilichapishwa mwaka 1984 huko Varanasi, miaka 54 baada ya kifo chake. Wanahistoria wa India walioisoma, na waliopekua mafaili ya idara, ndio waliouonyesha upya ukubwa wa mchango wake na wa Sahni.

Urithi uliogawanywa

Banerji hakuishi kuiona mipaka ya mwaka 1947. India na Pakistan zilipotengana, Mohenjo-daro na Harappa zilibaki Pakistan, huku sehemu kubwa ya vitu vilivyochimbwa ikiwa Delhi. Serikali hizo mbili zilikubaliana kuvigawana, na mgawanyo ukafika mahali pa kukata mkufu mmoja wa kale, kila nchi ikachukua kipande chake. Mihuri nayo iligawanywa. Mmoja maarufu sana, wenye mtu aliyeketi akizungukwa na tembo, chui milia, kifaru na nyati, uko katika Makumbusho ya Taifa mjini New Delhi, ilhali mahali ulipopatikana ni Mohenjo-daro.

Mji wenyewe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1980. Chumvi inayopanda kutoka ardhini inayala matofali yake, na mvua kubwa za Agosti 2022, zilizoleta mafuriko mabaya nchini Pakistan, ziliharibu kuta kadhaa. Sehemu kubwa ya mji bado haijachimbwa.

Anayefika Mohenjo-daro leo akitokea upande wa Larkana hukiona kwanza kile kilima kirefu chenye stupa, mahali palepale Banerji alipoanzia kazi. Mihuri aliyoitoa chini yake ingali na wanyama wake na mstari wake mfupi wa alama. Iwapo siku moja atapatikana mtu wa kuzisoma, na alama hizo zikathibitika kuwa majina ya wenye mali kama wataalamu wengi wanavyodhani, baadhi ya wafanyabiashara wa zaidi ya miaka 4,000 iliyopita watarudishiwa majina yao.